Dirisha la Bikira Maria: Namna Tulivyojifunza Kazi ya Vioo vya Rangi





Padri Paroko ametuomba tuseme maneno machache juu ya dirisha lile lililo nyuma ya altare, ambalo mmeliona limerudi mahali pake kwa siku hii ya jubilei. Watu wengi wametuuliza ni fundi gani aliyetoka Ulaya kuja kulitengeneza. Hakuja fundi yeyote. Tulikuwa watu wanne wa parokia hii: katekista mmoja, seremala mmoja, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na mama mmoja mshonaji. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kushika chombo cha kukatia kioo. Tulijifunza siku za posho, nyuma ya saa za katekisimu, kama vile wengine wanavyocheza mpira au kuimba katika kwaya. Na tulikosea mara nyingi. Basi tutasimulia kazi yenyewe pamoja na makosa yake, hasa kosa moja ambalo mpaka leo linaonekana katika joho la Mama Bikira.

Wazee wanakumbuka dirisha hilo lilivyokuwa zamani. Bikira Maria amesimama, amembeba Mtoto Yezu katika mkono wa kushoto. Joho lake la buluu limeshuka mpaka miguuni, na chini yake kuna majani ya kijani na maua mekundu. Katika vita vya mwaka 1996 risasi ilipita upande wa chini. Majani na maua yakaanguka, pamoja na pindo la joho. Uso wa Mama na uso wa Mtoto vikasalia. Siku zile tulikuwa vijana. Tuliokota vipande sakafuni, tukavitia ndani ya sanduku, tukapigilia bati juu ya tundu ili mvua isiingie. Bati lile lilikusudiwa kukaa mwezi mmoja; likakaa zaidi ya miaka 25.

Siku moja, mtoto wa komunio ya kwanza alituuliza: « Katekista, katika picha ya kitabu Bikira Maria anakanyaga nyoka. Mbona hapa anakanyaga bati? » Watoto wenzake walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini jioni ile tuliona haya, kwa maana tulikuwa tumelizoea bati kiasi cha kutoliona tena.

Halmashauri ya parokia iliuliza bei ya kuagiza dirisha jipya Ulaya. Bei ile ilipita nguvu zetu zote, na paa la kanisa lilikuwa lingali linavuja. Ndipo sisi wanne tulipoomba ruhusa tujaribu wenyewe. Ni haki tuseme kwamba si wote waliokubali. Mama mmoja mzee, anayeheshimiwa sana katika shirika lake, alisimama mkutanoni akasema: « Wanangu, watoto wanarudishwa shuleni kwa kukosa pesa, nanyi mnataka kucheza na vioo? » Hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulimwahidi jambo moja tu: kwamba hatutachukua hata franka moja katika mchango wa Karitas wala katika sadaka ya siku ya Mungu. Ahadi hiyo tumeitunza. Vioo vya rangi, risasi na chombo cha kukatia tulipewa na mtoto wa parokia hii anayekaa Ulaya. Vingine tulivinunua kwa mifuko yetu.

Sasa, ndugu wapendwa, inafaa kueleza vioo hivyo ni vitu gani. Wengi hudhani kwamba fundi huchukua kioo cheupe akakipaka rangi. Sivyo. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Huchanganywa wakati mchanga unapoyeyushwa katika tanuru. Na vitu vinavyotia rangi hiyo ni madini. Chuma huleta kijani. Manganezi huleta zambarau. Shaba huweza kuleta kijani au nyekundu, kadiri ya namna ya moto. Buluu yenye nguvu hutoka katika kobalti. Mtu wa Kongo akisikia majina hayo hana budi kusimama kidogo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yachimbwa katika nchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Bati, linalochanganywa na risasi ili kulehemu viungo vya dirisha, hupatikana katika mawe ya kasiterite, yale ambayo vijana wetu wanayabeba migongoni huko Kalima na Walikale. Tulipokishika mara ya kwanza kipande cha buluu kutoka Ulaya, tulijiuliza ni watoto wangapi wa Kongo waliowahi kuiona kobalti katika umbo hilo la uzuri.

Kazi hii ni ya zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 12, mmonaki aliyejiita Theophilus aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya kazi za mikono zinazotumika kanisani, na ndani yake alieleza kazi ya vioo hatua kwa hatua. Aeleza jinsi ya kupaka ubao chokaa, kuchora picha nzima juu yake kwa kipimo cha dirisha, kukata kila kioo kwa kufuata mchoro huo, kisha kuviunganisha vyote kwa risasi. Kilatini kidogo kilichotubakia tangu seminari ndogo kilitusaidia kuonja kurasa chache, na tulishangaa. Zaidi ya miaka 800 imepita, na mpango wa kazi ni ule ule. Kilichobadilika zaidi ni chombo cha kukatia: yeye alitumia chuma cha moto, sisi twatumia gurudumu dogo la chuma kigumu.

Katika mji wa Chartres, huko Ufaransa, kuna kanisa kuu lenye vioo vinavyojulikana duniani pote. Moto uliliharibu kanisa hilo mwaka 1194, lakini picha moja ya Bikira Maria mwenye joho la buluu, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1180, ilipona, ikawekwa ndani ya kanisa jipya. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, watu waliviondoa vioo vya kanisa wakavifunga katika masanduku. Vita vilipokwisha, wakavirudisha. Sisi hatukuwa na nafasi ya kuondoa kitu mwaka 1996. Lakini habari hiyo ilitufundisha kwamba dirisha la vioo si jiwe lililojengwa moja kwa moja. Laweza kushushwa, kufunguliwa, kutengenezwa na kurudishwa.

Tulianza bila kugusa dirisha lenyewe. Kwa miezi mingi tulijizoeza kwa vipande vya vioo vya kawaida, mabaki tuliyoombaomba kwa fundi wa madirisha sokoni. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa kwanza. Alituonyesha kwamba kioo hakikatwi, ingawa twasema hivyo; hukwaruzwa mstari mmoja kwa gurudumu, kisha huvunjwa kwa kufuata mstari ule. Mkono ukiwa sawa, yasikika sauti nyembamba, kama ya mafuta yanayoanza kuchemka. Mstari hupitishwa mara moja tu. Anayerudia juu ya mstari ule ule huharibu gurudumu, na kioo hupasuka kinapotaka chenyewe. Tena mtu asikawie kukivunja akiisha kukikwaruza. Tulichovya gurudumu katika petroli, tukakwaruza, tukavunja, tukatupa. Siku ya posho ya kwanza vipande karibu vyote viliharibika, na vidole vilitoka damu. Tangu siku ile seremala alitukataza kuanza kazi bila kufunika macho na kuvaa viatu vilivyofungwa.

Baadaye tulijifunza mistari ya kupinda. Mpindo wa nje ni rahisi kidogo. Mpindo wa ndani, kama shingo ya mtungi, haukubali kutoka kwa mara moja; yapasa kuuondoa kidogo kidogo kwa koleo, kama anayemega kipande cha mkate. Mwalimu mwenzetu, mtu mwenye haraka, alipoteza vioo vingi kabla ya kukubali jambo hilo.

Dirisha letu la kwanza la majaribio lilikuwa na upana wa sentimita 40, lenye msalaba katikati. Tulilikata kwa uangalifu, kila kipande kikafuata mchoro kabisa. Tulipoanza kuviunganisha, dirisha likakua. Likafika mwisho likiwa limezidi kwa sentimita moja na zaidi, likakataa kuingia katika fremu. Tulipima tena mchoro, tukapima tena fremu, tukaanza kulaumiana. Mama mshonaji ndiye aliyeona kosa. Risasi ya dirisha ina umbo la herufi H iliyolazwa: kioo kimoja huingia upande huu, kingine upande ule, na katikati hubaki ukuta mwembamba wa risasi, karibu milimita moja na nusu. Sisi tulikuwa na vioo vinane kwa upana; kuta saba zilijumlika. Mama akatuambia: « Katika nguo, mimi huongeza kitambaa cha mshono. Katika kioo yafaa kupunguza. » Tangu siku ile ndiye aliyekata vielelezo vyote vya kartoni, akiondoa unene wa risasi kila mahali, na madirisha yetu hayakukua tena.

Kulehemu kulikuwa na shida yake. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za moto. Mchanganyiko wa bati na risasi tunaotumia kulehemu huyeyuka mapema zaidi, karibu na nyuzi 190. Chuma kikiwa baridi, kiungo hakishiki. Kikiwa moto kupita kiasi, risasi yenyewe yayeyuka na tundu linabaki. Umeme wetu mnaujua. Basi tulitia vyuma viwili vya shaba katika mbabula, kimoja kikifanya kazi, kingine kikipata moto, na kila mara tulikijaribu chuma kwanza juu ya kipande cha risasi kisichofaa. Tulipaka stearini juu ya kiungo ili bati litambae vizuri. Hata hivyo tuliyachoma matundu mengi.

Hapa twataka kuwaonya vijana wanaopenda kujifunza. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama mwenye mimba, na wataalamu wa afya wasema hakuna kiasi chake kisicho na hatari. Kwa hiyo kazi hii haifanywi jikoni wala karibu na chakula. Hatuli wala kunywa mezani pa kazi, twanawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda nyumbani, vumbi twalifuta kwa kitambaa kilicholowa badala ya kulifagia, milango hubaki wazi wakati wa kulehemu, na nguo za kazi hazikai pamoja na nguo za watoto. Katika lugha yetu jina ni moja: risasi ya bunduki na risasi ya dirisha. Watu wa parokia hii hawahitaji kufundishwa kwamba kitu hicho chaweza kuua.

Sasa tunafika kwenye kosa lenyewe.

Tuliposhusha dirisha la Mama Bikira, tulilitandikia karatasi, tukasugua kwa kalamu ya risasi mpaka mistari yote ikaonekana. Tukakipa kila kioo namba, tukapiga picha kwa simu. Tulifurahi kuona kwamba nyuso hazikuhitaji kuguswa. Macho na vidole katika vioo huchorwa kwa rangi ya unga wa kioo na madini, kisha huchomwa katika tanuru la nyuzi 600 na zaidi, nasi hatuna tanuru. Sehemu iliyopotea ilikuwa ya majani, maua na pindo la joho, vioo visivyo na mchoro. Tuliona kwamba Mungu alikuwa ametuachia kazi inayolingana na nguvu zetu.

Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha buluu, kutoka bega la Mama mpaka karibu na mkono wa Mtoto. Kilikuwa kimepita katika vita bila alama. Ilitupasa kukitoa ili kubadili risasi iliyochoka pembeni mwake. Mastiki ya zamani ilikuwa imekauka kama jiwe. Kitabu chasema wazi: fungua mdomo wa risasi polepole, ukate viungo, usisukume kioo. Jioni ilikuwa imefika, na jubilei ilikuwa inakaribia. Mmoja wetu alisukuma kwa kisu. Tulisikia sauti ndogo, nayo buluu ikawa vipande viwili.

Hatutasema mkono ulikuwa wa nani. Kisu kilikuwa kimoja, lakini haraka ilikuwa yetu sisi sote. Lililo baya zaidi ni lile lililofuata. Tulivifunga vile vipande viwili katika kitambaa, tukavificha, na kwa majuma matatu tulimjibu Padri Paroko: « Kazi inaendelea. » Katika majuma hayo tulijaribu kukata kioo kipya mahali pa kile cha zamani. Tulipokiinua kwenye mwanga, tuliona aibu. Kile cha zamani kina vipovu vidogo na mawimbi, mwanga hutembea ndani yake kama katika maji ya ziwa asubuhi; kile kipya kilikuwa sawasawa pande zote, kama sahani ya dukani. Kila mtu angetambua. Na hata kama asingetambua mtu, sisi tungejua, kila siku ya Mungu, tukiwa mbele ya altare tukifundisha wengine habari ya kuungama.

Basi tulikwenda kwa Padri Paroko, na baadaye mbele ya halmashauri, tukafungua kitambaa mezani. Watu walinyamaza. Wengine walikasirika, nao walikuwa na haki. Kisha yule mama mzee aliyetupinga hapo mwanzo akaviomba vile vipande, akavikutanisha kwa vidole vyake, akatazama mstari wa mpasuko. Akasema: « Kibuyu cha maziwa kikipasuka, hatukitupi. Tunakishona. Shoneni hiki. »

Mafundi wa vioo wanaijua dawa hiyo tangu zamani. Kioo cha thamani kikivunjika, risasi nyembamba hupitishwa juu ya mpasuko, na vipande viwili hushikamana tena. Madirisha mengi ya kale ya Ulaya yana mistari ya namna hiyo, ambayo mchoraji wa kwanza hakuichora. Sisi tulikuwa tumeisoma habari hiyo kitabuni, lakini hatukuitaka, kwa sababu tulitaka dirisha lisionyeshe kosa letu. Tulichonga ukingo wa kioo kidogo sana ili kupata nafasi ya risasi, tukashona. Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira: kusukuma mastiki ya chaki na mafuta ya kitani chini ya kila mdomo wa risasi, kusafisha kwa unga wa mbao, kungoja ikauke, kisha kulifunga dirisha kwa nyaya za shaba kwenye vyuma vya kulala, ili upepo usilipinde.

Mkikaribia altare leo, mtaona mstari mweusi unaoshuka begani kwa Mama Bikira na kuishia karibu na mkono wa Mtoto Yezu. Mgeni mmoja alituambia kwamba mstari huo ni mzuri, unaongoza macho kwa Mtoto. Tulimshukuru, lakini tulimwambia ukweli: hapo ndipo tulipovunja. Mtaona pia kwamba buluu ya pindo jipya hailingani na buluu ya juu, na kwamba ua moja, la tatu kutoka kushoto, limekaa upande. Hatukuweza kufanya vizuri zaidi.

Na yule mtoto aliyeuliza habari ya bati? Sasa yuko sekondari. Siku tulipolirudisha dirisha alikuja kushika ngazi.

Twarudi kwa swali la mama mzee, maana halikuwa swali la kudharau. Dirisha halimlishi mtu, wala halilipi pesa za masomo. Lakini mikono iliyojifunza kukata kioo cha rangi yajua kukata kioo cheupe. Mwaka uliopita tuliweka vioo katika madarasa mawili ya shule ya msingi yaliyokuwa na maplastiki madirishani, na hatukudai malipo ya kazi. Mama mwenyewe alikuja kuangalia, akagonga kila kioo kwa kidole. Hakusema neno. Siku ya posho iliyofuata alimtuma mjukuu wake kwetu ajifunze. Msichana huyo sasa anakata mpindo wa ndani kuliko sisi sote.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Konstitusio juu ya Liturjia ya mwaka 1963, ulisema kwamba Kanisa halikuchukua aina moja ya sanaa kuwa yake peke yake, bali limepokea zile za mataifa na nyakati mbalimbali. Yako madirisha mengine matano katika kanisa hili, yenye vioo vyeupe tu. Vijana wanaweza kuyachora kwa majani ya hapa kwetu, ndege wa hapa na nyuso za watu wa hapa. Meza iko tayari nyuma ya sakristia, kila siku ya posho saa nane. Mje na viatu vilivyofungwa. Mtavunja vioo vingi. Tunawaomba jambo moja: atakayevunja kilicho cha thamani asikifiche majuma matatu, kama tulivyofanya sisi. Akilete mezani siku ile ile.

 Mwenyezi Mungu aibariki parokia yetu katika jubilei hii, na Bikira Maria, Mama wa Mungu, atuombee sisi sote.

Amina.